Setilaiti Haioni Maji: Majibu kwa Madai Yanayovuma Nchi ya Chai

Kiangazi kikishika Kericho na Bomet, kuanzia Desemba hadi Machi, mazungumzo kwenye vituo vya kununulia majani hubadilika. Wakati wa mvua watu hulalamikia lori lililochelewa, mizani na bonasi. Jua likikaza wanazungumzia maji: mto Itare umepungua, mto Kipsonoi unaonyesha mawe, kisima cha fulani kimekauka. Miaka hii ya karibuni setilaiti nayo imeingia barazani. Kijana anafungua simu na kuonyesha ramani ya kijiji chao, hapa buluu, pale nyekundu, akiapa kwamba hayo ndiyo maji yenyewe yanavyopotea. Mzee pembeni anacheka. Kitu kilicho angani, anauliza, kitajuaje udongo wa kwangu una maji?

Wote wawili wamekosea, ila makosa yao si ya aina moja. Nimekusanya hapa madai ninayoyasikia mara nyingi zaidi, ya wanaoisifu setilaiti na ya wanaoibeza. Msimamo wangu niutaje mapema: navithamini vipimo hivi, na kwa sababu hiyo hiyo nakasirika vikiuzwa kwa maneno ambayo havikuyasema.

"Setilaiti inaona maji yanayopanda kutoka shambani."

Haioni. Mvuke unaotoka kwenye jani la chai hauna rangi wala kivuli. Setilaiti ya Landsat, ikipita kilomita 705 juu yetu, hupokea vitu viwili tu kutoka ardhini: mwanga wa jua ulioakisiwa, na miali ya joto ambayo kila kitu hutoa, kiwe jiwe, bati, jani au ng'ombe. Kutoka hapo hadi milimita za maji ni safari ya hesabu, na kila hatua yake ina utelezi.

Msingi wa hesabu hiyo anaujua yeyote aliyewahi kunywa maji ya mtungi. Mtungi wa udongo hutoa jasho. Jasho likikauka huondoka na joto, na maji yaliyo ndani hubaki baridi. Upake mtungi rangi ya mafuta, hautatoa jasho tena, na maji yake yatakuwa vuguvugu. Shamba ni mtungi. Lenye maji hutoa jasho kupitia majani likabaki limepoa; lililokaukiwa hupata moto. Simama saa saba mchana kwenye barabara ya murram inayokata mashamba, kisha ingia hatua tatu ndani ya chai. Tofauti unayoihisi shavuni ndiyo ambayo kifaa kinaisoma kutoka angani.

Tuweke namba. Kugeuza kilo moja ya maji kuwa mvuke kunahitaji nishati ya megajuli 2.45 hivi. Tuseme kwamba siku moja, baada ya kuondoa mwanga ulioakisiwa na joto lililorudi angani, kila mita ya mraba ya shamba imebaki na megajuli 11. Zote zikitumika kukausha maji, zitakausha milimita 4.5, yaani lita nne na nusu kwa kila mita ya mraba, zaidi ya lita 18,000 kwa eka moja. Hiyo ni dari. Siku kama hiyo shamba halina nishati ya kuvuka hapo. Lakini nishati yote haiendi kwenye maji. Sehemu hupasha hewa, sehemu ndogo huingia udongoni. Anayetumia setilaiti hukadiria mapato ya nishati, hutoa kilichopasha hewa, hutoa kilichoingia udongoni, na kinachosalia hukiita mvuke. Maji, kwa hiyo, ni salio. Ukikosea joto la uso wa ardhi, ukikosea kasi ya upepo, ukisahau ukungu mwembamba uliokuwa kati ya kifaa na shamba, makosa yote hayo huteremka na kujificha ndani ya salio, kama ilivyo kwa mwenye duka anayejua faida yake kwa kukisia gharama.

Njia moja iliyoenea sana inaitwa SEBAL, iliyoasisiwa na Mholanzi Wim Bastiaanssen miaka ya 1990. Ujanja wake ni kuchagua ndani ya picha yenyewe sehemu mbili za mwisho: moja baridi yenye maji tele, ambako nishati karibu yote inakwenda kwenye mvuke, na nyingine kavu yenye moto, ambako mvuke ni karibu sifuri. Kila shamba lililo kwenye picha hupimwa kwa kulinganishwa na ncha hizo. Kwenye bonde la Naili kule Misri, sehemu kavu iko pale pale ng'ambo ya mfereji. Kericho je? Mwezi wa Aprili utapata wapi ardhi isiyotoa mvuke? Mchambuzi asiyeijua nchi hii atakimbilia mabati ya mjini, au atavuta uwanda wa mbali upande wa Kano au Narok, na hapo anaingia mtego wa pili, ambao ni mwinuko. Hewa hupoa takriban nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kutoka Kano, karibu na ziwa lililo kwenye mita 1,130 na ushei juu ya usawa wa bahari, hadi migongo ya Mau inayokaribia mita 3,000, kuna tofauti ya zaidi ya nyuzi 10 isiyohusiana na maji hata chembe. Asiyeiondoa tofauti hiyo kwanza atatangaza kwamba Mau yote imelowa na Kano yote imekauka, hata wiki ambayo watu wa Kano wanahamia shuleni kwa mafuriko.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Ramani ya buluu na nyekundu nayo imeundwa, na swali la kumuuliza aliyekuonyesha ni mbao zipi alitumia.

"Shamba likiwa la kijani, maji yapo."

Dai hili limeenea kwa sababu programu nyingi za simu hazigusi joto kabisa. Zinapima ukijani tu, kwa kulinganisha mwanga mwekundu na ule ulio nje kidogo ya upeo wa macho yetu. Kwa mahindi ya Chepalungu kipimo hicho kinasaidia. Kwa chai kinapumbaza, maana chai ni kijani mwaka mzima.

Jani la chai lina matundu madogo yanayofunguka na kufungika. Hewa ikikauka mno, huyabana, na machipukizi hupunguza mwendo. Watafiti wa chai wa Malawi na wa Mufindi, kusini mwa Tanzania, waliligundua jambo hili miaka mingi iliyopita: ukavu wa hewa peke yake unaweza kuzuia chipukizi hata kama umemwagilia udongo. Mama anayechuma analijua bila kifaa, maana kikapu hakijai. Kutoka angani kichaka bado ni kijani kibichi. Kilichobadilika ni joto lake. Ndiyo maana mtu anayetaka kujua hali ya maji kwenye chai na hana kipimo cha joto anasoma kitabu kwa kutazama jalada.

Joto nalo linahitaji kusomwa na mtu anayejua kazi ya shambani. Kila baada ya miaka mitatu au minne hivi chai hupogolewa, kichaka kikabaki vijiti na udongo ukawa wazi kwa jua. Shamba la namna hiyo huwaka jekundu kwenye ramani. Mgeni ataandika "ukame". Msimamizi wa shamba atamwambia ni pruni ya mwezi uliopita.

"Kericho ni mawingu matupu, kwa hiyo setilaiti ni kazi bure."

Nusu ya dai hili ni kweli, na ni nusu inayouma. Miali ya joto haipenyi wingu. Lakini mawingu ya huku yana ratiba. Mara nyingi asubuhi anga huwa wazi. Alasiri upepo kutoka Ziwa Victoria hukutana na hewa ya nyanda za juu, na hapo ndipo radi, mvua na ile mvua ya mawe inayojulikana sana na watu wa chai. Landsat hupita kabla ya saa tano asubuhi. Landsat 8 iliyorushwa mwaka 2013 hurudi kila baada ya siku 16, na tangu Landsat 9 ilipoungana nayo mwaka 2021, pamoja hupita kila siku 8.

Hatari iko mahali pengine, na wanaobeza hawaitaji. Picha zinazofaulu ni za siku zenye jua. Ukichukua wastani wa siku zenye jua ukauita wastani wa mwaka, umeongeza maji ambayo hayakupanda, kwa kuwa siku ya mawingu ina nishati kidogo. Wanaofanya kazi hii kwa uangalifu huziba mapengo kwa vyombo vingine. Meteosat, iliyotulia juu ya Ghuba ya Guinea, huitazama Afrika mara kadhaa kila saa, na kituo cha Ulaya kinachoitwa LSA SAF hutoa makadirio ya mvuke kila nusu saa, ingawa kila alama yake ina upana wa zaidi ya kilomita tatu. ECOSTRESS, iliyobandikwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga tangu 2018, hupita saa tofauti za mchana na usiku na huona vipande vya takriban mita 70. SMAP, iliyorushwa Januari 2015, hutumia mawimbi yanayopenya wingu, lakini husoma sentimita chache za juu za udongo, kwa vipande vya makumi ya kilomita, tena chai na msitu mnene huufunika udongo uso. Kila chombo kina tundu lake. Mshonaji hodari huviunganisha viraka hivyo na vituo vya hali ya hewa vya chini, nguo ikapatikana. Haipendezi sana, lakini inavalika.

"Chai ndiyo inayonyonya mito yetu."

Hapa nitakaa, kwa sababu swali hili lilijibiwa hapa hapa Kericho kwa vyombo vya chini, bila setilaiti yoyote ya joto, na watu wachache sana wa Kericho wanalijua hilo.

Mwaka 1958 shirika la utafiti wa kilimo na misitu la Afrika Mashariki, EAAFRO, lenye makao yake Muguga, lilianza kupima vijito viwili vilivyo upande wa msitu wa Mau. Bonde la Sambret lilikuwa na hekta kama 700, la Lagan kama 540. Yote mawili yalifunikwa na msitu na mianzi. Wakaweka vipima mvua, wakajenga vizingiti vya kupimia maji kwenye midomo ya vijito, wakafuatilia unyevu ndani ya udongo. Kisha karibu nusu ya Sambret ikafyekwa na kupandwa chai. Lagan ikaachwa msitu, iwe shahidi. Mradi huo ulikuwa na ndugu zake: Kimakia huko Aberdare, ambako mianzi ilibadilishwa kwa misonobari, Mbeya, ambako bonde lenye msitu lililinganishwa na mteremko uliolimwa, na Atumatak huko Karamoja, Uganda. Kumbukumbu zinafika mwaka 1974.

Walichokiona Sambret ni hiki. Msitu ulipofyekwa, kijito kiliongezeka maji kwa muda, maana majani ya kuyanywa na kuyatoa jasho yalipungua. Chai ilivyozidi kutanda na kufunika udongo, matumizi yalipanda tena. Ilipokomaa, tofauti kati yake na msitu wa jirani ilikuwa ndogo, na chai ndiyo iliyokuwa upande wa kutumia kidogo zaidi. Kwa hiyo dai kwamba chai hunywa maji kuliko msitu uliokuwapo halikusimama, na halijasimama.

Najua dai la pili linavyozaliwa papo hapo: basi hakuna ubaya, tukate Mau tupande chai. Taratibu. Sambret lilikuwa shamba la kampuni, kwenye udongo wa volkano wenye kina kirefu, lenye mitaro na matuta yaliyotunzwa. Na kilicholinganishwa hapa ni jumla ya mwaka. Jumla ya mwaka haikwambii mto una nini mwezi wa Februari, wala una matope kiasi gani. Kuanzia mwaka 2014, watafiti wa CIFOR na wa vyuo vikuu vya Ujerumani walipima mabonde matatu kwenye Mau ya Kusini Magharibi: moja la msitu wa asili, moja la chai na miti ya kupandwa, moja la mashamba madogo ya wenyeji. Kijito cha mashamba madogo kilibeba udongo mara kadhaa ya kile cha msituni, na cha chai kilikuwa katikati. Njia za ng'ombe, barabara zisizo na mitaro, mahindi kwenye mteremko: hayo ndiyo yanayoamua kama tone la mvua litazama na kutoka kwenye chemchemi Februari, au litateremka leo leo likiwa na rangi ya chai ya maziwa.

Na hilo ndilo jambo ambalo setilaiti ya joto haiwezi kulisema kabisa. Mvuke inaujua, kwa kadirio. Baada ya mvuke, maji yaliyobaki yamezama au yamekimbia? Angani hapana jibu.

Ila kumbukumbu za Sambret na Lagan zinaipa setilaiti kitu kisichopatikana katika sehemu nyingi za Afrika: kipimo cha kuikagua. Kwa miaka mingi mfululizo, mvua ukitoa mto unabaki na mvuke, maana udongo hauwezi kuficha maji milele. Mabonde hayo yalipata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na mvuke ukawa kwenye milimita 1,200 hadi 1,400 hivi. Mtu akija na ramani inayosema chai ya Kericho imetoa milimita 1,900 kwa mwaka, ameivuka dari ya nishati tuliyoihesabu pale juu, hata kila siku ya mwaka ikiifikia, na hata shamba likiwa kidimbwi. Akija na 700, atuonyeshe mto uliobeba kilichobaki.

"Ramani imethibitisha: kampuni zinatumia maji mengi kuliko sisi."

Neno lililoharibu mambo hapa ni "matumizi". Wataalamu wakisema shamba limetumia milimita 1,300, wanamaanisha mvuke uliopanda hewani. Ukizigeuza kuwa lita, hekta moja imetumia lita milioni 13, na msikilizaji anaona mabomba, pampu na mto ulioibwa. Lakini chai ya huku kwa sehemu kubwa hunyeshewa, haimwagiliwi. Yale ni maji ya mvua yaliyodondoka juu ya chai yenyewe, na msitu ungeyarudisha hewani vivyo hivyo.

Maji yanayochotwa mtoni ni habari nyingine. Yana kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, yana bomba, yana mita, au yanapaswa kuwa nayo. Anayeshuku wizi wa maji aombe kumbukumbu za mita. Miali ya joto haina la kumwambia. Nasema hivi nikijua vizuri kwamba malalamiko ya ardhi ya Wakipsigis na Watalai dhidi ya yaliyotendeka wakati wa ukoloni ni mazito, na yamefika hadi kwa wataalamu wa Umoja wa Mataifa. Kwa uzito wake huo, hayastahili kupachikwa ushahidi unaoanguka wakili wa upande wa pili akiuliza swali moja.

"Programu hii inakuonyesha hali ya shamba lako wewe."

Mwenye robo eka achukue futi kamba. Robo eka ina mita za mraba 1,012, yaani ukiifanya mraba, kila upande ni mita 32. Kipimo cha joto cha Landsat huona kipande cha mita 100 kwa 100. Hiyo ni hekta nzima, karibu robo eka kumi zikiwa kapu moja. Ni kweli picha husambazwa zikiwa zimekatwa vipande vya mita 30, na hapo wauzaji hushangilia. Lakini kukata ugali vipande vidogo hakuongezi unga. ECOSTRESS inachanganya robo eka karibu tano. MODIS, ambayo ndiyo chanzo cha ramani nyingi za bure, hupima joto kwa kipande cha kilomita moja kwa moja, yaani karibu robo eka elfu moja: kijiji, shule, kanisa na kituo cha majani vyote vikiwa nukta moja. WaPOR, hazina ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa iliyofunguliwa 2017, inaipa Kenya makadirio ya mvuke kwa vipande vya mita 100.

Sasa fikiria kipande cha mita 100 huko Konoin au Bureti. Ndani yake kuna chai ya watu wanne, mahindi, nepia ya ng'ombe, mstari wa mikaratusi mpakani na nyumba tatu za bati. Setilaiti inasoma wastani wa vyote hivyo. Bati linapandisha, mikaratusi inashusha. Kuuita wastani huo "shamba lako" ni sawa na kupima homa ya familia kwa kipimajoto kimoja.

Kwenye mashamba ya kampuni, ambako chai imetanda hekta kumi, ishirini bila mwanya, kipande kimoja ni chai tupu na kipimo kinasema kitu. Kwa hiyo chombo hiki kinamfaa zaidi mwenye shamba kubwa, na sioni sababu ya kulificha hilo. Kwa mkulima mdogo kinaanza kufaa ukipanda ngazi: eneo lote la kituo cha kununulia, au eneo lote la kiwanda. Msimamizi wa kiwanda cha Mogogosiek au Kapkoros akijua Januari kwamba ukanda wake wote umepata joto kuliko Januari zilizopita, anaweza kupanga malori na zamu kwa majani yatakayopungua. Hilo lina maana. Lita za robo eka ya mama fulani hazina.

"Setilaiti za uzito zinaona hata maji ya chini ya ardhi ya Bomet."

GRACE, iliyofanya kazi hadi 2017, ilipima mabadiliko ya uvutano wa dunia, na mrithi wake aliyerushwa 2018 huyapima bado; zimefanya maajabu. Lakini jicho lao ni la upana wa kilomita 300 hivi. Kericho na Bomet kwa pamoja hazifiki hata kilomita za mraba 6,000. Jirani yao ni Ziwa Victoria lenye karibu 69,000; likipanda mita moja, kama lilivyopanda kwa kishindo mwaka 2019 na 2020, uzito wake unafunika kila mnong'ono wa visima vyetu.

Na Taifa-1, setilaiti ya Kenya iliyorushwa Aprili 2023, ambayo nasikia ikitajwa kila ninapofungua mdomo? Ni kamera ya mwanga. Haina kipimo cha joto. Tuisifu kwa kazi yake.

"Namba za setilaiti zinagongana, kwa hiyo zote ni uongo."

Zinagongana kweli. Chukua mahali pamoja na mwezi mmoja, uulize mifumo ya kukadiria mvuke, yaani MOD16, SSEBop, GLEAM na WaPOR, utapata majibu manne. Wengi wakiona hivyo hufunga kompyuta. Lakini ukiuliza kila moja imepataje jibu, ugomvi unapungua. MOD16, licha ya kutoka kwenye setilaiti zilizo na kipimo cha joto, haitumii joto la uso wa ardhi. Inakadiria kwa wingi wa majani na hali ya hewa. SSEBop inategemea joto. GLEAM huegemea mawimbi yanayopenya mawingu. WaPOR huchanganya ukijani, joto na hali ya hewa. Kiangazi kikishika, MOD16 itaiona chai bado ina majani tele na kuiruhusu kutoa jasho, wakati SSEBop imeshahisi moto. Mgongano huo wenyewe ni habari: huenda chai imebana matundu yake.

Njia ya kuamua nani wa kuaminiwa ni ile ile ya Sambret. Kwenye bonde la juu la Pangani, Tanzania, Jeremiah Kiptala na wenzake walitumia SEBAL na picha za MODIS za 2008 hadi 2010, kisha wakayapima matokeo kwa mvua na mto, wakachapisha mwaka 2013. Pangani ina mlima, migomba, miwa na nyika kavu ndani ya bonde moja, ni ngumu kuliko kwetu. Wao walikagua. Ramani isiyokaguliwa na mto wowote ni picha nzuri ya kutundika ukutani.

"Kwa hiyo vipima mvua na vyombo vya chini vimepitwa na wakati."

Hili ndilo dai linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu halikai kwenye maneno tu. Bajeti ikibanwa, cha kwanza kukatwa ni mshahara wa anayesoma chombo.

Kericho kulikuwa na laisimita. Ni sanduku kubwa lililozikwa shambani, limejaa udongo na vichaka vya chai, limekalia mirija ya maji, hata uzito wake ukipungua kwa jasho la siku moja, mgandamizo kwenye mirija huonyesha. Mwaka 1970 M. Dagg alichapisha kwa chombo hicho matumizi ya maji ya chai siku kwa siku. Mwaka 1981 Callander na Woodhead walichapisha vipimo vya joto linalobebwa na hewa juu ya chai hapa Kenya, kwa vyombo vinavyofuata misukosuko ya upepo yenyewe, kazi ambayo leo mataifa tajiri huifanya kwa minara mamia. Katikati ya miaka hiyo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, mwaka 1977, na mashirika yake ya utafiti yakagawanywa.

Na kuna pengo la upande wa pili ambalo wapenzi wa setilaiti hawalitaji. Kumbukumbu za Landsat zimekuwa bure tangu 2008, ndiyo, lakini za Afrika Mashariki miaka ya 1980 na 1990 zina mapengo mapana. Kwa miaka hiyo, kinachojulikana kuhusu maji ya nchi ya chai kimo kwenye madaftari ya mashamba, viwanda na taasisi ya utafiti wa chai pale Timbilil, yaliyoandikwa kwa kalamu.

Madaftari mengine bado yanaandikwa. Saa tatu asubuhi mtu anatoka ofisini, anavuka nyasi zenye umande, anafungua kipima mvua, anamimina maji ya jana kwenye gilasi yenye mistari, anainama hadi jicho lilingane na maji, anaandika. Saa moja na nusu au mbili baadaye, kama ndiyo siku yake na anga ni wazi, Landsat inapita juu ya nyasi hizo hizo.